Tembo wa Kusikia

Karatasi ya ziara ilisema basi linaondoka saa 8:00. Mwenzangu wa Tanga akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Saa nane mchana? Basi dada, tuonane baada ya adhuhuri." Alikuwa akinitania, lakini nusu tu. Ilikuwa wiki yetu ya tatu Tokyo, na bado kila saa tuliyotajiwa ilibidi kwanza tuitoe sita, ndipo tujue jua litakuwa wapi.

Tulikwenda Japani kwa mafunzo ya walimu wa ufundi. Yeye hufundisha useremala. Mimi, mzaliwa wa Iringa, hufundisha uchoraji wa ramani za majengo. Kundini kila mtu alimwita Mwalimu, ingawa sote ni walimu, kwa heshima ya mvi zake. Mpaka Jumapili ile ya mwanzoni mwa Novemba, Japani tuliyoijua ilikuwa ya vyumba vya semina na treni za chini ya ardhi. Tukajipiga mifuko, tukalipia ziara ya siku moja kwenda Nikko, mji wa milimani katika mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo.

Basi liliondoka saa mbili kamili. Vijana wawili wa Kizungu walikuja mbio na vikombe vya kahawa mkononi, wakauwahi mlango ukifungwa. Kwetu mpiga debe akisema gari linaondoka sasa hivi, abiria mzoefu huenda kwanza kununua hindi la kuchoma.

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, mwenye Kiingereza kizuri na kibendera cha manjano kwenye kijiti. Jina lake alilitaja haraka likatupita, kwa hiyo sisi wawili tukambatiza Mama Bendera. Kila tuliposhuka alituhesabu, kila tulipopanda alituhesabu tena, kama kuku mwenye vifaranga aliyeona kivuli cha mwewe. Ndani ya basi palikuwa kimya kabisa. Hakuna muziki wala mahubiri, hakuna muuza dawa za minyoo aliyesimama katikati ya viti. Mwalimu alivumilia mpaka tukatoka nje ya jiji, akaninong'oneza: "Hawa watu wamefiwa?"

Kilichonituliza ni barabara. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na ndiyo maana magari yao yakichoka huko huja kuanza maisha mapya kwetu bila kuguswa kitu. Dirishani nilikuwa napishana na jamaa zangu: Hiace, Coaster, Noah. Walikuwa wasafi mno, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa chochote kwenye kioo cha nyuma. Nikamkumbuka kaka yangu. Ana Hiace ya abiria pale Iringa mjini. Nyuma imeandikwa SIMBA WA VITA, na ubavuni yamebaki maandishi ya Kijapani ambayo hataki kuyafuta kwa sababu, anasema, yanaonyesha kuwa gari ni la kweli kweli. Picha yake ninayo kwenye simu. Mama Bendera alipopita nikamwonyesha. Akasogeza miwani, akasoma, akafunika mdomo kwa kiganja. Maandishi yale yalisema: gari la watoto wa chekechea.

Tulisimama mara moja njiani kwa haja. Mlango wa basi ulipofunguliwa, baridi iliyoingia ilikuwa ile ya Mafinga mwezi wa saba. Mimi nilicheka; Mwalimu, mtoto wa bahari, alikuwa amevaa nguo zote alizokuja nazo na bado alitetemeka. Pembeni mwa choo ilisimama mashine ya vinywaji, peke yake, bila mlinzi na bila wavu wa nondo. Chupa zenye alama ya buluu chini yake ni baridi, zenye alama nyekundu ni moto. Mwalimu akatumbukiza sarafu, akabonyeza nyekundu, kikaanguka kichupa cha chai. Alikishika akakiachia, akakishika tena kwa ncha ya kofia. Chai yenyewe ilikuwa ya kijani, haina sukari wala tangawizi, na alipoionja uso ulimkunjamana kama aliyelamba mwarobaini. Hakuimwaga. Alikifunga kile kichupa, akakiingiza ndani ya koti upande wa moyo, akakaa nacho hivyo hadi Nikko. Kilipopoa aliendelea kukibeba, maana Japani pipa la taka ni la kutafuta kwa tochi. Takataka yako unarudi nayo nyumbani.

Karibu na mji Mama Bendera alituonyesha kipande cha barabara ya zamani kilichopangwa miti ya sugi pande zote mbili. Miti hiyo imefuatana kwa zaidi ya kilomita 35. Aliipanda Matsudaira Masatsuna, bwana mmoja wa karne ya 17, kwa muda wa miaka 20 hivi, akaitoa sadaka kwa hekalu tulilokuwa tukiliendea, na kama miti 12,000 bado imesimama. Kwa macho ya mtu wa Iringa ilikuwa kama paina za Sao Hill, ila paina zetu hazifiki uzee. Msumeno huzikuta zingali mabinti.

Hekalu lenyewe, Toshogu, lilijengwa kwa ajili ya marehemu mmoja. Tokugawa Ieyasu aliwashinda mahasimu wake vitani Sekigahara mwaka 1600, na mwaka 1603 akawa shogun, jemadari mkuu anayetawala nchi huku mfalme akibaki na jina lake. Wakati huo Wareno walikuwa wamejichimbia Fort Jesus pale Mombasa. Ukoo wake ulishika Japani mpaka 1868. Yeye alifariki 1616, na mwaka uliofuata, kwa wosia wake, akahamishiwa Nikko na kutukuzwa kama mungu mlinzi wa nchi. Mjukuu wake Iemitsu akaona majengo ya kwanza ni madogo kwa babu, akayajenga upya. Kazi ilikwisha mwaka 1636, baada ya mwaka mmoja na miezi mitano. Mwalimu aliposikia muda huo alinitazama. Tunalijua darasa moja chuoni kwetu ambalo linasubiri bati kwa muda mrefu kuliko huo.

Kabla ya kufika mbele, kuna birika la jiwe lenye maji yanayotiririka na kata zimepangwa juu yake. Naziita kata kwa sababu ndivyo zilivyo: kibakuli chenye mpini mrefu, kama ile ya kifuu tunayochotea maji mtungini. Unaosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, unasukutua mdomo. Mwalimu alisimama akitazama watu, akatabasamu. "Udhu," akasema. "Wamesahau miguu tu." Yeye hakuosha. Alikuwa ameniambia tangu kwenye basi kwamba amekuja kuangalia mbao, ibada ni ya wenyewe.

Na mbao alizipata. Mlangoni kabisa limesimama pagoda la ghorofa tano, kimo cha mita 36 hivi, jekundu, mapaa yake yamepandana kama makawa. La kwanza liliungua mwaka 1815, hili likajengwa 1818. Sehemu ya chini ilikuwa wazi kwa kiingilio kidogo. Mwalimu alilipa, akaingia, akapiga magoti. Mti mkubwa wa katikati, unaopita ndani ya jengo toka juu mpaka chini, haugusi ardhi. Umening'inizwa kwa minyororo kutoka ghorofa ya nne, na chini ya mguu wake imebaki nafasi ambayo kiganja changu kingepita. Mbao za jengo hukauka na kukaa chini kidogo kidogo kwa miaka. Mti wa kati ungekuwa umesimama juu ya jiwe, ungetoboa paa. Na tetemeko likija, jengo linayumba na mti unayumba kivyake, kama kengele na ulimi wake. Mama Bendera alisema mnara wa Tokyo Skytree, wenye mita 634, nao umewekewa nguzo ya katikati kwa wazo hilohilo. Mwalimu hakusikia. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia sakafu, akitazama ile nafasi, na alipoinuka magoti yake yalikuwa meupe kwa vumbi. "Miaka thelathini nafundisha vijana kwamba nguzo ndiyo hubeba nyumba," akasema. "Hapa nyumba imebeba nguzo." Kwa robo saa nzima hakulalamikia baridi.

Ukipita lango la kwanza, kushoto kuna zizi la farasi mtakatifu, na juu ya kuta zake ndipo walipo nyani watatu: mmoja kaziba masikio, mmoja mdomo, mmoja macho. Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Nyani hao nimekua nao! Wako Mwenge, Dar es Salaam, kwa wachonga vinyago, wa mpingo, wamekaa kwenye rafu katikati ya simba na Wamasai. Mjomba wangu anao sebuleni juu ya televisheni. Maisha yangu yote nilidhani ni wetu, hekima ya wazee fulani wa Kusini. Kumbe kwao ni huku, ukutani kwenye banda la farasi. Na zaidi ya hapo, fumbo lao ni la lugha. Kijapani cha zamani kilikanusha kitenzi kwa kiambishi "zaru", na nyani ni "saru"; kwa hiyo mizaru, kikazaru, iwazaru ni asiyeona, asiyesikia, asiyesema, na papo hapo ni nyani. Mchongaji wa Mwenge ananyoa mpingo kwa panga na tezo akitengeneza mzaha wa Kijapani asioujua, na unauzika.

Kingine ambacho sikujua ni kwamba hao watatu ni watoto. Michongo ipo minane, inasimulia maisha tangu mwanzo. Kwanza mama amejikinga macho kwa mkono akitazama mbali, kama anayechungulia yatakayomkuta mwanawe. Ndipo wanakuja watatu wetu: utotoni usione ubaya, usiusikie, usiuseme. Mbele wanakua, wanakata tamaa, wanapenda, na wa mwisho ni mjamzito. Sisi tulichukua ukurasa mmoja wa kitabu. Na kwa nini nyani kwenye zizi? Waliaminiwa kuwakinga farasi na maradhi.

Nikageuka. Ng'ambo ya zizi kuna ghala refu la kuwekea mavazi na vyombo vya sherehe, na juu chini ya paa, ndani ya pembetatu ya ukuta, walikuwapo wanyama wawili. Nilijua kuwa ni tembo kwa sababu wana mkonga. Kila kingine kilinishinda. Macho yao yamejikunja kama mwezi mwandamo, wanacheka kama bibi harusi anayejizuia. Masikio si ya tembo wa Mikumi wala wa nchi nyingine yoyote ya duniani, na mkia ni wa mnyama mwingine kabisa, aliyeazimwa kwa muda.

Mchoro wao ulitoka kwa Kano Tanyu, mchoraji mkubwa wa enzi ile, ambaye hakuwahi kumwona tembo. Alisoma habari zake na kusikia. Wajapani wenyewe huwaita tembo wa kuwaza. Mama Bendera alipogundua kwetu ni wapi, alinisogelea na kuniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza siri ya familia: nimewahi kumwona wa kweli? Nikamwambia barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa inakatiza mbuga ya Mikumi, na basi linaweza kusimama kuwapisha wakivuka. Akaliita kundi zima. Kwa dakika tano mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji. Nilieleza sikio la tembo kwa ungo: pana, jembamba, linapepea. Nilieleza ngozi kwa matope yaliyokauka. Mtu akaniuliza kama kweli humwogopa panya, nikajibu sijapata kuwaona pamoja.

Nilipiga picha nyingi za wale wawili kuliko za dhahabu yote iliyofuata. Na dhahabu ipo. Lango la Yomeimon, ambalo ndilo fahari ya mahali pale, lina michongo zaidi ya 500: majoka, wazee wenye hekima wa Kichina, watoto wakicheza, maua ambayo sikuweza kuyahesabu. Limepewa jina la utani la lango la machweo, kwa kuwa ukianza kulitazama asubuhi giza litakukuta hapo. Kusema kweli mimi lilinichosha. Halina mahali jicho linapoweza kuketi. Kilichonivuta ni nguzo zake kumi na mbili nyeupe, zilizopakwa rangi inayotengenezwa kwa kusaga makombe. "Chokaa yetu," akasema Mwalimu, maana Pwani nao walichoma matumbawe wakapaka nyumba. Moja ya nguzo hizo nakshi yake imegeuzwa, juu iko chini. Hawakukosea. Waliamini jengo likikamilika, siku hiyo hiyo huanza kuharibika, kwa hiyo waliliacha na dosari kwa makusudi. Kundi letu likatikisa vichwa kwa mshangao. Mwalimu peke yake hakushangaa. Kwao mtoto akizaliwa mzuri mno hupakwa doa la wanja usoni, husuda isimpate.

Karibu na hapo lipo kosa jingine, na hilo halikukusudiwa: taa kubwa ya shaba waliyoitoa Waholanzi karne hiyo hiyo, imebeba nembo ya Tokugawa, majani matatu, kichwa chini. Waliichonga kwao mbali, kwa kusikia, kama tembo.

Paka aliyelala nitampita haraka kama tulivyompita sisi. Anasifiwa mno, ametajwa kuwa kazi ya Hidari Jingoro, fundi wa kushoto. Ni mdogo, yuko juu ya mlango, na foleni ya kumpiga picha ni kubwa kumzidi mara elfu. Nyuma yake wamechongwa shomoro wanacheza, kwa vile paka amelala: ndiyo amani. Chini yake zinaanza ngazi za mawe 207 kupanda msituni, na mwisho wake kaburi. Baada ya dhahabu yote ile nilitegemea mlima wa dhahabu. Ni mnara mdogo wa shaba iliyofifia, umesimama kimya kati ya miti ya sugi, na mbele yake korongo wa shaba juu ya mgongo wa kobe. Mwalimu, aliyekuwa akihema, alivua kofia. Kaburi ni kaburi.

Tuliposhuka tukaingizwa kwenye ukumbi wa joka linalolia. Unavua viatu mlangoni, jambo ambalo watu wa kwetu hatuhitaji kufundishwa, ingawa vijana wale wa kahawa waliganda na kamba zao ndefu dakika nzima. Joka limechorwa darini, jeusi, limejaa dari yote. Mtawa alisimama pembeni, akagonganisha vijiti viwili. Ko. Mlio mkavu, ukafa hapo hapo. Akasogea chini kabisa ya kichwa cha joka, akagonga vilevile, kwa nguvu ileile, na hewa ikatetemeka: mlio mwembamba wa kengele nyingi ndogo, ukashuka juu yetu ukining'inia kama njuga za mguuni mtu akiondoka mbio. Hakuna spika, ni dari na sakafu vinarushiana sauti. Joka la zamani liliungua pamoja na ukumbi mwaka 1961. Hili ni jipya, na bado linalia. Picha zimekatazwa, nashukuru, kwa sababu kwa mara ya kwanza siku ile watu wote walisikiliza.

Chakula cha mchana kilikuwa yuba, sifa ya Nikko. Chemsha maziwa, yaache, utaona utando juu. Sasa fikiria ni maziwa ya soya, na utando ule unaondolewa kwa kijiti, unakunjwa, unachemshwa kwenye mchuzi. Ni laini, una ladha ya mbali, kama chakula kinachozungumza kwa kunong'ona. Nilitamani pilipili. Mwalimu aliuliza mara tatu kama kuna nyama ndani, akahakikishiwa ni soya na mchuzi wa samaki, akala. Wali ndio ulimkwaza: ulikuwa umeshikana. "Tanga mpishi wa wali huu angeulizwa amegombana na nani." Lakini wali wa kuchambuka huwezi kuuinua kwa vijiti viwili. Wangu uliinuka vizuri tu, ukadondokea kwenye chai.

Mchana basi lilipanda Irohazaka, na hapo nilikuwa nyumbani. Ni Kitonga yetu ya barabara ya Iringa. Ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili, dereva anazungusha usukani kama anayekuna nazi. Tofauti ni kwamba barabara zipo mbili, moja ya kupanda na nyingine ya kushuka. Hukutani na lori la shaba likija bila breki. Kona ni 48 kwa jumla, moja kwa kila herufi ya mpangilio wa kale wa Kijapani unaoitwa iroha, na kila kona ina kibao cha herufi yake. Alfabeti ya Kiswahili ina herufi 24. Ingetuishia nusu kamili ya kazi. Miti kotekote ilikuwa myekundu na ya manjano kama khanga zilizoanikwa, na kwenye kona moja alikaa nyani mwenye uso mwekundu na mkia wa kidole kimoja, mwana kifuani, akitutazama. Kuwalisha ni marufuku. Wamekwisha kuwa wezi wa madukani. Nikawasalimu kwa niaba ya wale wa Mikumi.

Chini ya mlima palipoitwa Umagaeshi, yaani pa kurudishia farasi, zamani wasafiri waliacha wanyama wao, kwa kuwa mlima ni mtakatifu. Wanawake nao hawakuruhusiwa kupanda hadi mwaka 1872. Mama Bendera alilitamka hilo kwa sauti ileile aliyotangazia vyoo, kisha akatazama dirishani. Tulikuwa wanawake zaidi ya nusu ya basi.

Juu kuna ziwa Chuzenji, mita 1,269 kutoka usawa wa bahari, lililozaliwa mlima Nantai ulipolipuka zamani na lava yake ikaziba mto. Maji yanapopata upenyo yanaanguka mita 97: maporomoko ya Kegon. Unashushwa kwa lifti ndani ya mwamba, kama mita 100, unatokea kwenye kibaraza. Tulitokea kwenye ukungu mtupu. Tulisikia maji yakinguruma, hatukuona hata tone. Mama Bendera aliinama kuomba radhi, kana kwamba ukungu ameuleta yeye. Watu wakaanza kurudi kwenye lifti. Mimi nikabaki, maana kwa kawaida ya Mufindi ukungu ukiwa mzito hivyo upepo hauko mbali, na Mwalimu akabaki kwa adabu, meno yakigongana. Ukafunguka kutoka chini: kwanza mawe, kisha povu, kisha mstari mweupe ukipanda juu, juu tena, mpaka kwenye ukingo ambako miti iliyopukutika imejishika. Pembeni mwa maporomoko makubwa mwamba wote ulikuwa unavuja vijito vyembamba, kumi au zaidi, kama chujio la nazi. Dakika tatu, ukajifunga. Sanje yetu kule Udzungwa ni ndefu kuliko hii, na nitalisema hilo popote. Lakini Sanje hakuna aliyenishusha kwa lifti. Nilipanda kwa magoti.

Kurudi tulikutana na foleni ya watu waliokuja kuangalia majani. Magari mamia, kwenye kona zile, saa nzima. Hakuna aliyepiga honi. Hakuna aliyechomekea. Mwalimu alilala na kichupa chake mkononi.

Tulifika hotelini saa 20:00 yao. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo Iringa ilikuwa saa nane mchana. Nikamtumia kaka picha ya tembo, bila maelezo. Alijibu papo hapo, bila shaka yuko kituoni anasubiri abiria: "Huyo siyo tembo." Nikamwandikia kwamba na gari lake siyo simba, nikamweleza lilivyoandikwa. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna abiria yeyote niliyemwambia.